Namba Ileile: Historia Fupi ya Simu Zetu, na Kwa Nini Tumeacha Kufukuzia Mpya

Zamu ya historia imetufikia tena.

Mada ya leo hatukuichagua. Ilitukuta kwenye benchi la fundi simu, hapa Bwaise. Mvua ilikuwa imekatika, lakini maji ya mtaro wa Nsooba bado yalikuwa barabarani, yamebeba chupa na kandambili moja. Tulikuwa tunangoja simu tatu zikauke. Wanaoishi Bwaise wanaelewa. Huku maji yakiingia ndani usiku, kitu cha kwanza mtu anakamata ni mtoto, cha pili ni karatasi za ukimbizi, cha tatu ni simu. Ile ya tatu mara nyingi inachelewa.

Basi akaja kijana mmoja na simu mpya kabisa, karatasi ya kioo bado haijatolewa. Akaiweka mezani ili tuione. Miaka mitano nyuma tungeizunguka kama nzi kwenye embe. Tungeuliza kamera ngapi, GB ngapi, umenunua wapi. Safari hii mmoja wetu aliitazama, akasema "Hongera, kaka," halafu akamgeukia fundi kumuuliza kama ile yake yenye kioo kilichopasuka itaweza kushika chaji mpaka jioni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza bei.

Fundi akacheka. "Nyinyi vijana, mmezeeka?"

Swali lile lilitusumbua. Mkubwa wetu ana miaka 27, kwa hiyo si uzee. Umaskini? Hapana, si umaskini peke yake, maana tulipokuwa maskini zaidi ndo tulitamani zaidi. Tukaona tuulize historia: simu zilifika vipi kwetu, nini hasa kilibadilisha maisha, na ni lini ile hamu ilianza kutoka.

Kabla ya simu: redio na barua ya wazi

Wazee wetu waliokimbia miaka ya 1990 wanatuambia kwamba kutafuta ndugu ilikuwa kazi ya miezi. Barua ulimpa dereva wa lori au mtu wa kanisa. Msalaba Mwekundu ulikuwa na barua zake za karatasi moja, haifungwi, na unaandika habari za familia tu: nani yuko hai, nani amezaliwa, tuko wapi.

Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, maana yake inayounganisha familia. Walisoma hewani majina ya watu waliopotezana. Mzee mmoja hapa kwetu anakumbuka watu kumi na tano wamezunguka redio moja, betri zimewekwa juani asubuhi ili zipate nguvu kidogo, na mtu akikohoa wakati majina yanasomwa anafukuzwa. Redio ile haikuwa mpya. Ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Tunaanza hapo kwa makusudi. Mkimbizi hakukiangalia kile chombo, alingoja kusikia jina.

Simu zinaingia Uganda

Simu za mkononi zilianza Uganda mwaka 1995 na kampuni ya Celtel. Zilikuwa za matajiri. Mwaka 1998 ikaja MTN, na laini za kulipia kabla zikaenea. Huo ndio ulikuwa mlango wa mtu wa chini: hakuna mkataba, hakuna anwani ya nyumba, unakwangua vocha kwa kadiri ya mfuko wako.

Hata hivyo wengi hawakuwa na simu. Kulikuwa na meza chini ya mwavuli, juu yake simu kubwa kama ya ofisini, na dada amekaa anahesabu dakika. Mwaka 2003 MTN pamoja na Grameen Foundation wakaanzisha mpango wa simu za vijijini: mtu mmoja anakopa simu, kijiji kizima kinapiga kwake na kulipa.

Mwaka huohuo Nokia ilitoa simu ya 1100. Vijana wadogo msicheke. Ilikuwa na tochi kichwani, vitufe vimefunikwa mpira ili vumbi lisiingie, na pembeni haitelezi ukiwa na jasho. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Wakenya waliipa jina la mulika mwizi. Waliotengeneza ile simu walifikiria mtu anayeishi kwenye vumbi, giza na jasho. Tukiangalia simu za leo zenye kioo mbele na kioo nyuma, tunajiuliza zinamfikiria mtu anayeishi wapi.

Wakati ule watu waligundua pia lugha ya kubipu. Mlio mmoja: nimefika. Milio miwili: nipigie, sina salio. Hakuna kampuni iliyofundisha mambo hayo. Yalitoka kwa watu wenye shida.

Miaka ya mbio

Wengi wetu tulivuka mpaka wa Bunagana kati ya 2012 na 2013, wakati wa M23 ya kwanza. Wengine walipelekwa Rwamwanja, ambayo ilifunguliwa tena mwaka 2012 kwa ajili ya Wakongo. Wengine wazazi walikuja moja kwa moja Kampala, wakaandikishwa polisi ya Old Kampala, wakapanga muzigo, yaani chumba kimoja, huku Bwaise kwa sababu kodi ni ndogo. Kodi ni ndogo kwa sababu hapa ni bondeni, palikuwa kinamasi.

Tulikuta Kampala iko kwenye mbio. Warid, iliyoanza Uganda mwaka 2008, ilikuwa na ofa ya Pakalast, na watu walikuwa wanaongea usiku mzima mpaka sikio linauma. Simu za Tecno za laini mbili zilikuwa zimejaa. Wageni waliona laini mbili ni urembo, lakini hapa zilikuwa akili: kupiga mtandao mwingine ilikuwa ghali, basi kila mtu alitembea na mitandao miwili. Kisha BlackBerry, kisha simu za Android. Tulikuwa tunakwenda Mutaasa Kafeero, lile jengo la simu mjini, bila hela yoyote, kutembea tu ghorofa moja mpaka nyingine kama watu walioenda kuona wanyama.

Tuseme ukweli. Kwa mtoto mkimbizi, simu mpya ilikuwa cheti. Shuleni walituita majina, Kiganda chetu kilichekwa, viatu vyetu vilijulikana vimetoka mgao gani. Lakini ukiwa na simu kubwa, watoto wa mjini wanakuja kukaa karibu nawe. Mmoja wetu alibeba matofali likizo nzima mwaka 2015 akanunua simu ya kioo. Ilimpa marafiki kwa muhula mmoja, kisha ikatoka nyingine kubwa zaidi. Leo anasema hakukosea kutaka marafiki. Alikosea duka.

Wakati tunaangalia vioo, jambo kubwa zaidi lilipita bila sisi kulipigia makofi. Machi 2007 Kenya ilianza M-Pesa, na Machi 2009 MTN Uganda ikaanza huduma yake ya pesa kwa simu. Kabla ya hapo, kumtumia mama hela ilikuwa kumpa dereva wa teksi na kuomba Mungu. Baada ya hapo kitochi cha bei ya chini kabisa kiliweza kazi hiyo sawasawa na simu ya laki nane.

Jina la nani?

Hapa ndipo historia yetu inaachana na ya jirani zetu Waganda.

Mwaka 2012 Uganda ilianza kuandikisha laini za simu. Mwaka 2017 ikaamriwa kila laini ihakikishwe kwa kitambulisho cha taifa. Mkimbizi hana kitambulisho cha taifa. Alikuwa na kadi ya ukimbizi au ile barua ya familia kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu, na kwa muda mrefu karatasi hizo hazikutosha kwenye kibanda cha kuuzia laini. Tulifanya nini? Tulitumia majina ya watu. Laini ya jina la mwenye nyumba. Laini ya jina la mchungaji. Laini ya jina la rafiki wa darasani.

Laini ikiwa ya jina la mtu, hela iliyo ndani ni ya jina la mtu. Dada mmoja katika kundi letu aliweka akiba ya ada ya shule kwenye laini iliyoandikishwa na jirani. Jirani akahama. Laini ikafungwa. Ili kuifungua wanataka mwenyewe na kitambulisho chake. Mwenyewe hakuonekana tena, na muhula ule dada alikaa nyumbani.

Agosti 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilitoa agizo kwamba wakimbizi wanaweza kuandikisha laini kwa kadi ya ukimbizi au barua ya uthibitisho. Hakukuwa na jukwaa wala muziki. Lakini tulipoulizana kwenye benchi la fundi, "Siku gani teknolojia ilikufurahisha zaidi maishani?", wanne kati yetu saba walisema ni siku walipopata laini yenye jina lao. Simu waliyoiwekea laini hiyo ilikuwa kuukuu.

Nchi ambayo leo ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5 ilibadilisha sheria moja, na hilo lilitusaidia kuliko simu zote mpya tulizoenda kuzitazama Mutaasa Kafeero.

Kusukumwa kutoka nyuma

Mtu atasema: basi kaeni na vitochi vyenu, nani amewakataza? Ndugu, si rahisi hivyo. Ukiacha kukimbia, mbio zenyewe zinakusukuma.

Angalieni WhatsApp peke yake. Ilipoanza kuenea huku, iliingia kwenye Nokia za kawaida za vitufe na kwenye BlackBerry. Juni 2017 ikaacha kufanya kazi kwenye Nokia za Symbian. Desemba 2017 ikaacha BlackBerry. Desemba 2018 ikaacha Nokia za S40. Februari 2020 ikaacha Android za zamani sana, na Novemba 2021 ikasogeza mstari tena. Simu haikuharibika. Betri nzima, kioo kizima. Inaamka asubuhi inaambiwa wewe si simu tena.

Si WhatsApp tu. Juni 2015 Kampala ilizima matangazo ya televisheni ya zamani, na televisheni za wapangaji hapa Bwaise zikawa meza za kuwekea vyombo mpaka mtu apate king'amuzi. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Sababu zilikuwepo, na nyingine zilikuwa nzuri. Lakini aliyenunua simu bandia mara nyingi hakujua ni bandia. Alinunua aliyoiweza.

Mwaka 2018, tarehe 1 Julai, ikaja kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku. Hela ya chapati. Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona na hazikufunguka kikamilifu mpaka Januari 2022. Masomo yakaja kwa redio, magazeti, na kwa baadhi ya shule kwa simu. Hapo tuliona kwa macho yetu nani ana kioo na nani hana. Wasichana wawili tuliosoma nao hawakurudi darasani. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku tano, na Facebook ikafungwa hata baada ya hapo. Siku zile tano simu ya milioni mbili na simu ya elfu sitini zilikuwa ndugu, zote za kupiga na kutuma ujumbe.

Halafu ikaja simu ya mkopo. Unalipa kidogo mwanzoni, halafu kila siku kiasi fulani. Usipolipa, simu inajifunga yenyewe. Mmoja wetu alichukua kutoka kwa kampuni moja ambayo hatutaitaja. Alikuwa na kazi ya kubeba mizigo sokoni Kalerwe. Akaumwa malaria wiki moja. Siku ya tatu simu ikajifunga, ikabaki na maandishi ya kumdai. Alikuwa kitandani na kitu mkononi ambacho kinajua yuko wapi, kinajua anadaiwa ngapi, ila hakimruhusu kumwita mtu amletee dawa.

Nadhani ndiyo siku hamu yetu ilianza kutoka kweli. Ilitoka kidogokidogo, kama upepo kwenye tairi yenye tundu dogo.

Udongo wa kwetu

Kuna jambo lingine ambalo sisi Wakongo hatuwezi kuliruka.

Ndani ya simu kuna vipande vidogo sana vinavyotunza umeme, na vingine vinatengenezwa kwa tantalamu, chuma kinachovumilia joto. Tantalamu inatoka kwenye koltani. Koltani inachimbwa kwetu, pamoja na pale Rubaya, wilaya ya Masisi, kwa sururu, koleo na migongo ya watu.

Mwaka 2000 dunia ilikuwa inanunua simu na mashine za michezo kwa fujo, bei ya koltani ikaruka. Watu waliacha mashamba na ng'ombe wakaingia mashimoni. Mwaka 2001 bei ikaanguka, lakini vikundi vya bunduki vilikuwa vimeshajifunza njia ya kuyafikia mashimo. Mwaka huohuo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika jinsi madini ya Kongo yanavyolisha vita. Mwaka 2010 Marekani ikatunga sheria kwamba kampuni ziseme madini yao yanatoka wapi, na Septemba mwaka huo Rais Kabila akasimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema kwa miezi kadhaa. Wachimbaji wa kawaida, waliokuwa wanalipa ada za watoto kwa kazi ile, wakalala njaa. Mwishoni mwa Aprili 2024 M23 iliichukua Rubaya.

Hatusemi kwamba ukinunua simu umeua mtu. Hilo ni jambo jepesi kusema na si haki, maana vita vya kwetu vina mizizi mingi: ardhi, uraia, majirani, siasa. Na baba wa mmoja wetu alichimba koltani kwa hiari yake, na kazi hiyo ilimsomesha mwanawe. Tunachosema ni hiki. Mtu wa mbali akiona tangazo la simu mpya, anaona kioo kinachong'aa. Sisi tunaona pia barabara ya tope ya Masisi. Ukishaviona vyote viwili pamoja, tangazo halikukamati kama zamani.

Januari 2025

Sasa tufike kwenye siku iliyotufungulia macho kabisa.

Mwisho wa Januari 2025 Goma ilianguka. Umeme ulikatika, maji yakakatika, intaneti ikapotea. Hapa Bwaise tulikuwa sita ndani ya muzigo mmoja, ekstensheni iko juu ya kabati ili maji yasiifikie, simu saba zinachaji. Moja ilikuwa mpya kweli, ya mwenzetu anayepiga picha za harusi. Tulipiga. Tulituma. Alama moja ya tiki, siku nzima, alama moja. Video za mji zilikuwa zinazunguka duniani kote, lakini hazikutuonyesha mlango wa nyumbani.

Dada mmoja kati yetu mama yake yuko Ndosho. Mama hana simu janja. Namba alizokuwa nazo zilikuwa kwenye kitochi, na kitochi kilizima chaji siku ya kwanza. Kichwani mama anashika namba moja tu, ile ya bintiye ya mwaka 2019, laini ya kwanza yenye jina lake mwenyewe. Na tuwaambie siri: Desemba, mwezi mmoja tu kabla, dada huyu nusura aiache namba ile. Kulikuwa na simu ya mkopo inayouzwa pamoja na laini mpya na bando la miezi mitatu. Alighairi kwa sababu ya uvivu wa kuwaambia watu namba mpya.

Siku ya nne, jioni, namba ngeni ikaita. Ilikuwa kitochi cha jirani aliyechaji kwa betri ya pikipiki.

"Mwanangu, ni mimi. Tuko wazima. Mdogo wako yuko hapa. Sina salio."

Ikakatika. Haikufika hata dakika moja. Dada alikaa chini sakafuni. Sisi wengine tulitoka nje, kwa sababu kuna wengine kati yetu ambao simu zao hazikuita siku ile, wala iliyofuata.

Tulipokumbuka tena swali la fundi, jibu lilikuwa hapo. Hamu yetu haikufa, ilihama. Zamani tulikuwa tunauliza: imetoka simu gani? Sasa tunauliza: namba yako ni ileile? Mkimbizi anabadilisha nyumba, mtaa, kambi, hata nchi. Mwenye nyumba anamtoa, maji yanamtoa, bunduki zinamtoa. Namba inaweza kuwa anwani pekee inayobaki mahali pake, na namba haijali imekaa ndani ya simu ya mwaka gani.

Wanaofanya kazi na vya zamani

Msituelewe vibaya. Hatupingi teknolojia, na hatusemi kitochi ni utakatifu. Mwenzetu wa harusi anahitaji kamera nzuri, ni jembe lake, na mkulima halaumiwi kwa kununua jembe. Tunasema tu kwamba upya si kazi.

Kampala yenyewe inatufundisha. Nendeni Wakaliga, upande ule mwingine wa mji. Isaac Nabwana alitengeneza filamu yake ya Who Killed Captain Alex, iliyotoka mwaka 2010, kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe kwa vipande vya zamani. Ilitazamwa dunia nzima. Au ingieni kibanda cha video hapahapa mtaani. Kanda za VHS zilikuja zikaenda, DVD zikaja zikaenda, sasa ni flashi. Kinachojaza watu ni kilekile: sauti ya VJ anayetafsiri filamu kwa Kiganda na kuongeza mizaha yake. Watu wanalipa kusikia sauti. Mashine inayoicheza hawaiulizi umri.

Na fundi wetu, ambaye darasa lake ni la saba, anafufua simu ambazo kiwandani wamezisahau. Ana sanduku la vioo, betri na vipaza sauti vilivyotolewa kwenye simu zilizokufa. Amewafundisha wawili kati yetu kuchomelea waya. Hiyo ndiyo teknolojia tunayoifuatilia siku hizi.

Tunaomba nini

Kwenu vijana wenzetu, mambo matatu. Moja, andikisha laini kwa jina lako, kwa kadi yako ya ukimbizi. Usikubali laini ya jina la mtu. Mbili, shika kichwani namba mbili, na ziandike kwenye karatasi pamoja na ile barua yako ya familia. Mfundishe mama naye ashike yako. Tatu, kabla ya kuchukua simu ya mkopo, uliza: siku nikiumwa, simu hii itaniruhusu kupiga?

Kwenu wafanyakazi wa misaada, tunawaheshimu, na tunajua mnabanwa na wakubwa wenu. Lakini siku hizi malalamiko ni kwa kiungo, fomu ni kwa kiungo, tangazo la mafunzo ni picha ya vile vidoti vya kuskani. Sisi tunaojitolea ndo tunatumwa kuwaelezea wazee. Tunasimama mbele ya bibi mwenye kitochi tukiwa tumeshika karatasi ya vidoti, na anatuangalia sisi, hawaangalii nyinyi. Kila mnapobadilisha mfumo, tunaomba muulize swali moja kwanza: nani atabaki nje? Acheni njia ya kupiga na ya ujumbe wa kawaida ibaki wazi. Na mtu akija na simu iliyopasuka, msimwone amebaki nyuma. Pengine hiyo namba ndiyo uzi peke yake alionao.

Simu zetu tatu zilikauka kesho yake jioni. Mbili ziliwaka. Ya tatu imekufa kioo, ila laini ilitoka nzima, tukaihamishia kwenye kitochi cha shilingi elfu hamsini. Dakika kumi baadaye kiliita. Ni mama mmoja wa Kyaka, anauliza kama kijana wake bado anatumia namba hii.

Tukamwambia ndiyo, mama. Ni ileile.

Sisi, vijana wa Bwaise.